Mke Aliyewekwa Rahani

Mara ya kwanza Nadhira alipomwona yule mwanamke ndani ya gari, hakuogopa. Alidhani ni mgeni aliyechoka kusubiri.

Lilikuwa jua la utosi, wakati ambao kijiji kizima cha Pujini hunyamaza, kuku wamejibanza kwenye vivuli vya kuta na jani la mgomba halitikisiki. Nadhira alikuwa akianika nguo. Katikati ya kanga mbili zinazochuruzika maji aliona, kule mwisho wa ua ambako baba yake alikuwa akilaza magari ya watu, mwanamke amekaa kiti cha mbele, upande wa abiria, ndani ya ile Carina ya rangi ya maziwa. Kajitanda kanga mpaka kwenye paji la uso. Kichwa kakiegemeza kiooni na mkono mmoja kauweka tumboni, kama mtu anayesikilizia maumivu yapite.

Nadhira aliingia jikoni, akachota maji mtungini, akaiweka glasi juu ya kisahani kama inavyopelekwa kwa mgeni wa heshima, akauvuka ua.

Alipofika, gari lilikuwa tupu. Milango ilikuwa imefungwa kwa ufunguo na vioo vimepandishwa mpaka juu. Alilizunguka, akachungulia viti vya nyuma, hakuona mtu. Lakini kioo cha upande wa abiria kilikuwa na ukungu kwa ndani, doa la duara, kadiri ya uso wa mtu. Nadhira alisimama na kisahani chake akilitazama. Ukungu ukapungua mpaka ukakaribia kwisha. Kisha ukatanda tena. Ukapungua, ukatanda, taratibu, kama pumzi ya mtu aliyelala.

Ndipo glasi ilipomponyoka.

Hakumwambia mtu. Gari lile lilikuwa la Haitham, na kila lililomhusu Haitham, Nadhira alikuwa ameshazoea kuliweka moyoni peke yake.

Baba yake, Mzee Mabruki, alikuwa mtu wa kukopesha fedha za haraka. Mwenye mgonjwa wa kusafirisha, au mwenye pengo la kuziba mpaka karafuu ziuzwe, alimwendea na gari lake, akaacha ufunguo na kadi ya gari, akaondoka na fedha mfukoni. Muda ukifika, analeta fedha na kulichukua gari lake. Asipoleta, gari linauzwa. Neno riba Mzee Mabruki alikuwa halitaki hata lipite mlangoni kwake. Alichokichukua yeye alikiita ujira wa kulaza gari, na watu wenye shida hawakuwa na nguvu ya kubishana naye juu ya jina.

Haitham alikuwa fundi wa pampu za visima, kutoka Shumba Viamboni. Siku alipokuja, mama yake alikuwa anasubiri kupelekwa Dar es Salaam kupasuliwa, na karafuu zao zilikuwa bado mtini. Mzee Mabruki alilizunguka gari, akagonga bati hapa na pale, akamwambia kwamba kwa gari zuri kama lile angepata fedha nyingi zaidi akiliuza kabisa, tena yupo mnunuzi Wete. Haitham alijibu kwa upole kwamba lile haliuzi. Ataliweka rahani tu, na atarudi kulichukua.

Nadhira alikuwa anatoka na sinia ya kahawa. Alimwona yule mwanamume mrefu, mkimya, akikabidhi ufunguo kama mtu anayekabidhi kitu chenye roho. Kisha, kabla ya kuondoka, alikwenda upande wa abiria, akauweka mkono wake juu ya mlango, akasimama hivyo kwa muda, midomo ikimchezacheza. Alipogeuka, macho yake yalikutana na ya Nadhira. Yalikuwa macho yaliyolala vibaya kwa miaka. Nadhira alisahau kwamba ameshika sinia. Alijisemea kwamba mwanamume anayeliaga gari namna hii, mke wake atamuaga vipi anapotoka asubuhi.

Mawazo ya namna hiyo alikuwa ameyafukuza tangu alipoachika. Alikuwa ameolewa Wete na mfanyabiashara wa vitambaa, mtu mcheshi, na akampenda. Siku moja alirudi kutoka kumtazama shangazi yake aliyekuwa mgonjwa, akakuta viatu vya kike visivyo vyake mlangoni mwa chumba cha pili. Mume hakumwambia kabla. Alimwambia papo hapo, akitabasamu, kwamba sasa wapo wawili. Nadhira alikaa mpaka alipoona hawezi tena kuhesabu zamu za usiku kama mtu anayesubiri maji ya bomba, akadai talaka yake, akarudi Pujini kwa baba. Aliapa kwamba hatakuwa tena na mke mwenza, hata akiletewa sultani.

Haitham alipiga simu siku ya pili yake, akauliza kama gari lipo salama. Akapiga na siku iliyofuata. Mzee Mabruki alichoka kuulizwa, akampa binti yake simu. Basi ikawa kila alasiri, Nadhira anakaa kwenye kizingiti cha jikoni na simu sikioni.

"Gari salama?"

"Salama."

"Umelipitia leo?"

"Nimelipitia."

"Jua lisilipige sana, tafadhali."

Nadhira akajenga kibanda cha makuti juu ya gari kwa mikono yake mwenyewe. Haitham aliposikia hivyo alisema Mungu amlipe, na sauti yake ilikuwa nzito kuliko jambo lenyewe. Taratibu maneno yakazidi kupita gari. Alimweleza jinsi mama yake alivyoamka baada ya kupasuliwa akaulizia mbuzi zake. Nadhira alimweleza yale ya Wete, ambayo hakuwahi kumsimulia mtu yeyote mpaka mwisho. Haitham alimwambia kwamba na yeye alikuwa na mke, Safaa, akafariki na mtoto tumboni. Hakusema zaidi, na Nadhira hakumchimba. Alasiri moja, mvua ikinyesha huko Shumba mpaka Nadhira akaisikia simuni, Haitham alimuuliza kama akileta wazee kuposa atawarudisha.

"Njoo mwenyewe kwanza," Nadhira alimwambia. "Nikuone ukisema."

Mzee Mabruki alipolinusa jambo hilo hakugomba. Alisema tu kwamba mtu aliyeshindwa kulishika gari lake hatampa binti yake amshike. Nadhira alijua pia kwamba mnunuzi wa Wete alikuwa ameshapiga simu, na kwamba baba yake alikuwa anaomba kimoyomoyo muda wa Haitham upite bila fedha kuonekana.

Na yule mwanamke aliendelea kuonekana. Si kila siku, na kila mara ni jua la utosi, mkono tumboni, uso kiooni. Hakumtazama Nadhira hata mara moja. Nadhira alianza kuanika nguo zake asubuhi mapema, na ikifika adhuhuri anafunga dirisha la jikoni linalotazama ua. Usiku alijisomea dua zake na kulala. Aliogopa mchana.

Kisha baba yake akafanya jambo lisilofaa. Rahani ni amana, na amana haitumiwi; hilo Mzee Mabruki alilijua, amelisoma chuo cha Kurani tangu mtoto. Lakini yule mnunuzi alitaka kuisikia injini, basi asubuhi moja akalitoa gari kimyakimya, akashika njia ya Chake.

Alirudi kwa miguu. Nadhira alimwona kwa mbali akija juani bila kofia, ndara ameshika mkononi, vumbi limempanda mpaka magotini. Alikaa barazani, akaomba maji, akayanywa yote, akaomba tena. Nadhira alimuuliza gari liko wapi.

"Nimeliacha Ng'ambwa. Linanguruma. Ufunguo umo."

"Limeharibika, Baba?"

Mzee Mabruki alitikisa kichwa. Alitazama mikono yake.

"Nilikuwa peke yangu mle. Nilipofika kwenye mteremko nikamsikia ntu ubavuni mwangu. Sauti ya kike, ya karibu hivi. Ikanambia, 'Polepole, Haitham. Tumbo laniuma.'"

"Ukamtazama?"

"Sikugeuza shingo. Nikapunguza mwendo. Ikashukuru." Akameza mate. "Ikanishukuru, Nadhira, kama mke anavyomshukuru mumewe. Nikasimamisha gari nikashuka, na mpaka sasa upande huu wa mwili wangu ni baridi."

Lililetwa mchana ule na fundi wa jirani ambaye hakuambiwa kitu. Alisema limetembea vizuri. Alichoshangaa ni kwamba mkanda wa kiti cha abiria umefungwa na hapana mtu, na kila alipoufungua, akitazama mbele kidogo, anaukuta umefungwa tena.

Mzee Mabruki alimpigia Haitham mwenyewe, akamwambia aje alichukue gari lake upesi, muda uwe umefika au haujafika.

Haitham alikuja asubuhi ya siku iliyofuata, amevaa kanzu safi, fedha za karafuu ziko kwenye bahasha. Nadhira alikuwa amesimama ndani ya mlango, nusu ya mwili nje. Kwa macho ya haraka waliyotupiana, wote wawili walisema yale ya alasiri zote zile. Haitham aliitoa bahasha, akaiweka mkekani mbele ya mzee, akasema kwamba ameleta deni lake, na kwamba analo neno jingine, kama mzee atamruhusu.

"Neno lako nalijua," alisema Mzee Mabruki. Hakuigusa bahasha. "Na jibu lake ni hili. Siozeshi binti yangu kwa ntu mwenye nke. Alishakuwa na nke mwenza huyu, kakondeana, kanirudia mifupa mitupu. Sitaki tena."

"Mzee, mimi sina mke. Mke wangu alikufa."

"Kamwambie yeye basi. Yumo garini."

Haitham hakuuliza mzee anasema nini. Hakucheka, hakushangaa. Alikaa chini polepole pale pale alipokuwa, akashika kichwa, na Nadhira, aliyekuwa akimtazama kutoka mlangoni, alihisi kitu kikimkatika ndani. Kwani mtu asiyejua huuliza.

Akatoka nje, akasimama mbele yake. Hakujali tena baba yake anatazama.

"Ulikuwa unajua," alimwambia.

"Nilikuwa najua."

"Tangu lini?"

"Tangu arubaini yake. Huonekana jua likisimama. Hanitazami. Hukaa tu."

"Na zile simu za kila siku. Gari salama, gari salama. Umelipitia. Jua lisilipige." Nadhira alisogea hatua moja karibu. "Mimi nikidhani unatafuta njia ya kuzungumza na mimi. Kumbe ulikuwa unamuuliza mkeo. Mimi nilikuwa mtunza mlango wake tu."

Haitham aliinua uso. Macho yalikuwa yamejaa.

"Mwanzo, ndiyo. Siku za kwanza nilikuwa namuuliza yeye. Nilimwacha kwa watu asiowajua, Nadhira. Nilimweka rahani. Nikilala naona nimemuuza. Kisha ukajenga kile kibanda cha makuti, na siku ile nilipopiga simu sikuwa na haja ya kujua habari za gari. Nilitaka kusikia unavyosema salama. Nikawa nakuuliza gari ili nikusikie wewe, na nikikata simu namwonea haya yeye. Hiyo ndiyo kweli yangu. Ningekwambia vipi kwenye simu, kwamba nina mtu namna hiyo?"

"Ungeniambia vivyo hivyo. Aliyenioa Wete naye alingoja mpaka nikaviona viatu."

Haitham alipokea neno hilo bila kujitetea. Mzee Mabruki alikohoa, akataka kuinuka aondoke, kisha akabaki. Juu ya ua jua lilikuwa linapanda.

Nadhira alimtaka amweleze siku ile ilivyokuwa, yote, bila kuficha. Haitham alieleza akitazama mkeka. Safaa alikuwa ameshaambiwa kwamba presha yake iko juu na atajifungulia hospitali, Chake. Uchungu ulipomshika, alimpakia garini akatoka naye Shumba. Njiani Safaa aliomba jambo moja. Aliomba wapite kwanza Micheweni, kwa mama yake, Bi Mwanakhamis. Ilikuwa mimba yake ya kwanza, na mtoto wa kwanza mwanamke humzalia kwao. Kama haiwezekani kuzaa pale, basi angalau mama amwekee mkono, apande garini waende pamoja. Haitham aliona watachelewa. Alimwambia avumilie. Safaa akaomba tena, na tena, kisha akaacha kuomba akawa anasema tu polepole, tumbo laniuma. Haitham hakupunguza. Kabla hawajafika popote, kichwa cha Safaa kilikuwa kimelalia kioo.

"Nikageuza, nikamrudisha Shumba kwangu, tukamzika Shumba," alisema Haitham. "Mama yake alikuja mazikoni. Akanambia nisikanyage kwake. Sijakanyaga."

Nadhira alikuwa akimfikiria yule mwanamke, kanga mpaka kwenye paji la uso, jinsi asivyomtazama mtu. Siku zote alidhani anamngoja mume. Alidhani ndivyo, kwa sababu hicho ndicho alichokuwa akikingoja yeye Wete, nyuma ya mlango. Sasa aliona sivyo. Yeye mwenyewe, akitoka Wete, aliwahi kukaa ndani ya gari la watu, begi mapajani, hamtaki tena mume wala ndugu za mume, anataka kitu kimoja tu: kuliona paa la kwao.

"Hakutaki wewe," alimwambia Haitham taratibu. "Mrudishe kwao."

Haitham alimtazama kama mtu aliyeambiwa jambo ambalo limekuwa mbele ya macho yake siku zote. Kisha uso ukamwanguka. Alisema Bi Mwanakhamis hatamfungulia mlango, na kwamba peke yake hatoweza.

Aliyejibu alikuwa Mzee Mabruki. Alisema atakwenda naye. Alimchukua mke wa mtu garini bila idhini yake wala ya mumewe, tena kwa tamaa ya kuuza, na hilo anadaiwa. Alimgeukia binti yake kumwambia abaki nyumbani, lakini Nadhira alikuwa ameshaingia ndani kuchukua buibui lake. Alisema kwamba alishamwamini mwanamume mmoja bila kuona. Safari hii ataona.

Walipolifikia gari hapana aliyegusa mlango wa mbele kushoto. Mzee Mabruki aliingia nyuma na tasbihi yake, Nadhira akaingia upande wa pili. Haitham alikaa kwenye usukani. Kiti cha abiria kilibaki wazi, na kabla injini haijawaka mkanda ulivutika wenyewe taratibu, ukapita juu ya kiti kitupu, ukaingia mahali pake kwa mlio mdogo.

Haitham alifumba macho. "Twende kwa mama," alisema kwa sauti ndogo. Hakuwa anasema na walio nyuma.

Safari yote aliendesha polepole, polepole mno, magari ya ng'ombe yakikaribia kuwapita. Walipita Chake, wakashika njia ya kaskazini, mashamba ya mikarafuu yakipanda na kushuka pande zote mbili. Mzee Mabruki alisoma chini kwa chini. Nadhira alitazama nyuma ya kile kiti kilichokuwa mbele yake, na mara mbili tatu, gari lilipokata kona, alikiona kitambaa chake kikibonyea na kurudi, kama mtu mzito anapohamisha mgongo. Kila kilipobonyea, Haitham alipunguza mwendo tena. Nadhira alimwona kwenye kile kioo cha juu akilia bila sauti, na wivu aliokuwa ameujiandalia njia nzima haukuja. Aliona huruma tu, kwa wote wawili.

Waliingia Micheweni jua likiwa limesimama juu ya mawe. Nyumba ya Bi Mwanakhamis ilikuwa ya mwisho kabla ya konde la mtama, ukuta wa mawe na mwani umeanikwa mbele kwenye majamvi. Haitham alisimamisha gari mbali kidogo. Alikaa, mikono kwenye usukani, akitafuta maneno ya kubishia hodi.

Hakuyahitaji. Mlango ulifunguliwa, akatoka mwanamke mzee, mfupi, kanga kiunoni, mikono ina chumvi. Hakumtazama Haitham. Hakuwatazama walio nyuma. Alikuja moja kwa moja kwenye mlango wa abiria, akaufungua, akainama.

"Umekawia, mwanangu," alisema.

Mkanda ulifunguka. Bi Mwanakhamis alinyoosha mikono yote miwili ndani ya gari, akashika, akavuta kidogo kama anayemwinua mjamzito, akarudi nyuma kumpisha. Gari likapanda upande ule, kama linavyopanda mtu anaposhuka. Yule mama akazungusha mkono wake kwenye kiuno cha hewa, akaanza kutembea kuelekea nyumbani, hatua fupifupi, akisema maneno ya chini ambayo hawakuyasikia. Alisimama mara moja katikati ya njia, akangoja, kama anayengoja uchungu upite. Kisha wakaendelea. Mlango ukafungwa.

Mzee Mabruki alikuwa ameacha kusoma. Hapana hata mmoja aliyesogea. Harufu ya udi ikaanza kutoka dirishani mwa ile nyumba, na ndani mtu akawa anaimba taratibu, wimbo wa kumbembelezea mtoto.

Bi Mwanakhamis alipotoka tena alikuwa ameosha mikono. Alimwendea Haitham, na Haitham alishuka, akapiga magoti kwenye mawe. Alisema amsamehe, alikuwa na haraka ya kumwokoa. Yule mama alijifuta mikono kwenye kanga.

"Kila siku jua likisimama nilikuwa natia maji ya moto," alisema. "Nikijua aja. Sikujua ni nani anomzuia." Akamwekea mkono kichwani, si kwa upole sana. "Ushamleta. Sasa enenda. Usirudi kumchukua."

"Sitorudi, mama."

Kisha akasogea kwenye dirisha la nyuma, akamtazama Nadhira. Alimtazama hasa, uso wote. Nadhira alimwamkia. Bi Mwanakhamis aliitikia, akauliza yeye ni nani wa huyu. Nadhira alisema kwamba gari lilikuwa limewekwa kwao.

"Ndiwe uliyempelekea maji," alisema yule mama.

Nadhira hakuwa amemsimulia mtu habari ya ile glasi, si baba yake, si Haitham.

"Kaniambia sasa hivi. Asema hakuwahi kukushukuru." Bi Mwanakhamis aligeuka kutazama nyumba yake, kisha akawageukia tena. "Mbona wakaa nyuma? Mbele hamna ntu."

Akaondoka, akaingia ndani, wakasikia komeo likipita.

Haitham alisimama kando ya gari, vumbi la chokaa kwenye magoti ya kanzu. Hakumwomba Nadhira kitu. Alimtazama tu, na katika macho yale hakukuwa na mtu mwingine tena, ila yeye, na hofu kwamba atakataa. Nadhira alimwambia kwamba hajamsamehe bado zile simu. Haitham alijibu kwamba atangoja. Nadhira alimwambia kwamba akificha jambo tena, hata likiwa dogo kama punje ya mtama, hatangoja aone viatu. Haitham alisema anajua.

Ndipo Nadhira akamtazama baba yake. Mzee Mabruki alikuwa ameshikilia tasbihi yake kwa mikono miwili. Alionekana mzee kuliko asubuhi ile. Alikitazama kile kiti cha mbele, akamtazama yule kijana aliyesimama juani, akashusha pumzi.

"Kaa mbele, mwanangu," alisema. "Mimi nipo nyuma hapa. Na wazee wake waje Ijumaa."

Nadhira alishuka, akaufungua mlango wa mbele. Jua la Micheweni lilikuwa linachoma mpaka bati haligusiki, lakini alipoweka mkono juu ya kile kiti alikikuta baridi kama mtungi uliolala kivulini. Alisema bismillahi, akakaa. Ubaridi ulimpanda mgongoni kupitia buibui. Hakuinuka. Haitham aliwasha gari, na alipokuwa akiligeuza mkono wake ulipita karibu na wake, wala haukumgusa.

Walikuwa wameshafika Konde ndipo kiti kilipoanza kupata joto.